Chupa ndogo, dumu la kujazia au maji ya kuchemsha: kipi kichaguliwe ili plastiki ipungue nyumbani?

Kaya inayoishi Dar es Salaam na inayotaka maji salama ya kunywa ina njia tatu kubwa za kuyapata. Inaweza kununua chupa za kutupa, za nusu lita hadi lita moja na nusu. Inaweza kununua dumu la lita 18.9 na kulirudisha lijazwe tena. Au inaweza kuyatibu yenyewe maji ya bomba na ya kisima kwa kuyachemsha, kuyachuja au kuyatia dawa. Nazilinganisha hapa njia hizo tatu, kisha nazilinganisha njia za kuiondoa chupa iliyokwisha tumika, kwa kuwa watu wengi ninaozungumza nao huanza na swali hilo la pili: chupa hizi nizipeleke wapi zikarejelezwe? Ni swali la haki na nitalijibu, lakini naliweka nyuma kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba, kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu zilikuwa zimerejelezwa, asilimia 12 zilichomwa katika matanuri, na asilimia 79 zilikuwa zimelundikana madampo au zimezagaa ardhini na majini. Kwa hesabu ya namna hiyo, chupa isiyonunuliwa ina faida kubwa kuliko chupa iliyonunuliwa kwa tumaini la kurejelezwa, na hiyo ndiyo sababu ulinganisho wangu unaanzia dukani na wala hauanzii kwenye pipa la taka.

Chupa ya kutupa na dumu la kujazia

Hesabu ndiyo inayokata shauri hapa. Maji yaliyomo ndani ya dumu moja la lita 18.9 yangejaza chupa 38 za nusu lita, ile ya mwisho ikipungua kidogo. Chupa moja ya nusu lita, pamoja na kizibo chake, kwa kawaida ina uzito wa gramu 12 hadi 20 kutegemea kiwanda kilichoitengeneza, kwa hiyo chupa 38 ni plastiki isiyofika kilo nzima, kati ya gramu 456 na gramu 760. Dumu lenyewe likiwa tupu huwa na uzito unaokaribia robo tatu za kilo. Maana yake ni kwamba kwa ujazo wa kwanza hakuna kilichookolewa, na mtu anayenunua dumu kisha akalitelekeza uani amefanya vibaya kuliko mwenye chupa ndogo. Lakini dumu hilo likijazwa mara ya pili, plastiki ya mwenye chupa ndogo imeongezeka maradufu na ya mwenye dumu imebaki ileile. Na dumu linalotunzwa hujazwa mara kwa makumi kabla ya kuchakaa. Kaya ya watu watano, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku, hutumia lita 70 kwa wiki, ambazo ni chupa ndogo 140 au madumu yasiyofika manne. Kwa mwaka mzima ni chupa zaidi ya 7,000 kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ni madumu yaleyale manne yanayokwenda na kurudi.

Kwa upande wa fedha, chupa ya nusu lita ikinunuliwa kwa shilingi 500, lita 18.9 zitamgharimu mnunuzi shilingi 19,000. Bei ya kujaziwa dumu hutofautiana kati ya msambazaji mmoja na mwingine, lakini popote nilipowahi kujaziwa haijafikia nusu ya kiasi hicho. Kinachowazuia wengi ni malipo ya mwanzo, yaani bei ya dumu tupu, ambayo kwa mwenye kipato cha siku kwa siku ni mzigo wa kweli, hata kama ndani ya wiki chache fedha hiyo inakuwa imerudi. Nimeona majirani wakitatua jambo hili kwa kuchangiana madumu mawili kwa vyumba vitatu vya nyumba ya kupanga, na sioni aibu yoyote katika utaratibu huo.

Dumu lina upungufu wake, na anayelichagua sharti aujue. Kwanza ni uzito: likijaa ni karibu kilo 20, na mzee anayeishi ghorofani peke yake hawezi kuliinua na kulipindua juu ya dispensa bila kujiumiza. Kwa watu wa aina hiyo ipo pampu ndogo ya mkono inayofungwa mdomoni mwa dumu, nalo dumu likabaki sakafuni. Pili ni uhakika wa maji yenyewe, kwa sababu chombo kinachorudi kujazwa kinaweza kujazwa na yeyote. Kagua kifuniko kabla ya kulipa, soma jina la kampuni kwenye kifuniko na kwenye dumu uone kama yanafanana, tafuta nembo ya Shirika la Viwango Tanzania, na usimwonee haya kijana wa guta kwa kulikataa dumu ambalo kifuniko chake kinazunguka ovyo. Tatu ni jua. Mimi niliwahi kuliweka dumu barazani, mahali ambapo jua la asubuhi hupiga, na baada ya siku kama kumi nikaona utando mwembamba wa kijani ukitambaa kwa ndani, kwenye mabega ya dumu, pale maji yanapokutana na hewa. Ulikuwa mwani, ambao huota mahali popote penye maji na mwanga. Tangu hapo madumu yetu hukaa kwenye kona yenye kivuli na yaliyo wazi hunywewa ndani ya siku chache, na bomba la dispensa husafishwa kwa maji ya moto kila linapobadilishwa dumu.

Lipo pia suala la aina ya plastiki. Ukiligeuza dumu utaona alama ya pembetatu yenye namba. Namba 1 ni PET, plastiki ileile ya chupa ndogo. Namba 7 katika madumu mara nyingi ni polikaboneti, plastiki ngumu inayovumilia kuoshwa na kujazwa mara nyingi, lakini ambayo hutengenezwa kwa kemikali inayoitwa BPA, na Umoja wa Ulaya uliamua mnamo Desemba 2024 kuipiga marufuku katika vyombo vinavyogusa chakula. Kemikali hiyo hutoka kwa wingi zaidi plastiki inapopata joto au inapokuwa imekwaruzika. Mwenye uwezo wa kuchagua achague dumu la namba 1, na mwenye la namba 7 asiliweke juani wala asilisugue kwa steelwool.

Je, chupa ya kutupa haina mahali pake? Ina mahali pake, na ni pazuri. Msafiri wa basi la mikoani asiyejua maji ya kituo anachoshukia, mgonjwa aliyelazwa ghafla, mtaa uliokumbwa na mafuriko visima vikaingiwa na maji ya vyoo: hao wote chupa iliyofungwa kiwandani inawafaa, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Hata hapo, chupa moja ya lita moja na nusu ina plastiki ya takriban gramu 30, ilhali chupa tatu za nusu lita zenye maji yaleyale zina gramu 36 hadi 60. Anayelazimika kununua anunue kubwa.

Maji ya nyumbani

Njia hii ndiyo isiyoacha chupa yoyote nyuma, nami naipa nafasi ya kwanza kwa kaya nyingi za mjini, lakini kwa sharti moja kubwa: ujue kwanza maji yako yanatoka wapi. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na yakitoka mtamboni yamekwisha tibiwa. Mashaka huanzia njiani, kwenye mabomba yaliyotoboka, kwenye matanki ya juu ya paa yasiyooshwa, kwenye madumu ya muuza maji wa mkokoteni. Mashaka hayo ni ya vijidudu, na vijidudu hufa kwa moto. Yakishatokota kwa dakika moja yanatosha, na katika nyanda za juu zinazozidi mita 2,000 yaachwe yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Kuyaacha jikoni nusu saa ni kupoteza gesi.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vingi vya maeneo ya pwani vina chumvi, na chumvi haichemki ikatoka. Kaskazini, katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, maji mengi ya ardhini yana floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, nayo ndiyo inayoyapa meno ya watoto ile rangi ya kahawia isiyosuguliwa ikatoka, na ikizidi sana huipinda mifupa. Kuyachemsha maji ya namna hiyo hakuiondoi floraidi hata chembe. Kadiri mvuke unavyopotea ndivyo floraidi inavyozidi kukolea kwenye maji yaliyobaki. Kaya ya Arumeru inayonyweshwa na kisima cha floraidi ikiniuliza ichemshe au inunue dumu, nitaiambia inunue dumu, au itafute chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Mtu anayewashauri watu wote wachemshe, bila kuuliza wanachota wapi, anawashauri vibaya.

Kwa walio na maji ya bomba, uchaguzi unaobaki ni kati ya moto, dawa na chujio. Moto una uhakika mkubwa na kila mtu anaujua, ila una gharama, na ukiwa ni moto wa mkaa gharama hiyo hulipwa na misitu. Mwenye jiko la gesi achemshe bila wasiwasi. Mwenye mkaa achemshie kwenye makaa yanayobaki baada ya kupika chakula cha usiku, yapoe hadi asubuhi. Dawa ya klorini, kama vile vidonge vya WaterGuard vinavyouzwa madukani, haihitaji moto wala umeme: kidonge hutiwa katika ndoo ya lita 20 ya maji yaliyo angavu, ndoo hufunikwa, na baada ya nusu saa maji hunyweka. Wengi huikataa kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo hupungua sana maji yakiachwa usiku kucha, na maji yenye tope sharti yachujwe kwa kitambaa safi kabla, maana dawa huishia kwenye tope ikaviacha vijidudu. Chujio la kauri, lile lenye chungu au mshumaa wa udongo ndani ya ndoo mbili zilizopandana, huhitaji fedha ya mwanzo na kusuguliwa mara kwa mara, lakini huendelea kufanya kazi kwa miaka. Mimi nyumbani natumia gesi, na dawa naiweka akiba ya siku gesi inapokata.

Linalosahauliwa katika haya yote ni chombo cha kuhifadhia. Maji yaliyochemshwa vizuri huharibiwa na kata inayotumbukizwa na mikono ya watoto sita. Ndoo yenye kifuniko na bomba chini hulimaliza tatizo hilo. Mtungi wa udongo una sifa ambayo plastiki haina: maji hupenya polepole hadi nje ya udongo, yakikauka kwa upepo huchukua joto, na ya ndani yakabaki ya baridi bila jokofu. Sababu kubwa ya watu kununua chupa dukani saa nane mchana ni ubaridi kuliko usafi, na mtungi uliofunikwa vizuri, wenye kata ya mpini mrefu isiyotumika kwa kazi nyingine, huiondoa sababu hiyo. Kwa anayetoka, chupa ya chuma cha pua au ya plastiki ngumu inayojazwa nyumbani asubuhi inatosha safari za mjini.

Shughuli, mikutano na semina

Natenga sehemu hii kwa sababu plastiki ya nyumbani, hata ya karibu mwezi mzima, huweza kufikiwa na jioni moja ya harusi. Kamati ikipanga watu 300 na chupa mbili kwa kila kiti, ni chupa 600. Tatizo si idadi peke yake. Pita ukumbini shughuli ikiisha, wakati maturubai yanakunjwa na viti vinapangwa: juu ya kila meza utakuta chupa zilizofunguliwa, zikanywewa mafunda matatu, mwenyewe akaenda kucheza muziki, akarudi asiitambue ya kwake akafungua nyingine. Vijana wa usafi humwaga maji hayo safi kwenye bustani, kisha huzitia chupa katika mfuko mmoja na mabaki ya pilau, mchuzi na mifupa. Chupa iliyopakaa mafuta ya mchuzi haiwi tena mali. Itakwenda dampo pamoja na mifupa.

Njia mbadala ninazozijua ni mbili. Ya kwanza ni madumu na bilauri za kioo, ambazo wapishi wengi hukodisha pamoja na sahani. Inahitaji watu wawili wa kuosha na mtu mmoja wa kuzungusha majagi mezani, na ikipangwa tangu kikao cha kwanza cha kamati haimshindi mtu. Ikiwa bilauri zitabadilishwa na vikombe vya plastiki vya kutupa, basi afadhali zirudi zile chupa, kwa kuwa kikombe kile chembamba hakuna mokota makopo anayekiinamia. Ya pili, kwa kamati isiyoweza kuosha, ni kununua chupa za lita moja na nusu, moja kwa watu watatu, na kuweka salfeti mbili tupu, yale magunia ya plastiki, karibu na mlango, moja ya chupa na moja ya taka nyingine, kisha kumwambia mokota makopo wa mtaa huo siku moja kabla. Atakuja, na atakuja mapema.

Kwa upande wa ofisi sina maneno mengi: dumu na bilauri, na kila mfanyakazi awe na kikombe chake. Semina ya watu 40 inayozungumzia mazingira huku kila mshiriki amewekewa chupa mbili za nusu lita inanihuzunisha kila ninapoikuta.

Chupa iliyokwisha tumika

Sasa nalijibu lile swali la watu wengi. Chupa tupu ya maji inaweza kupewa mokota makopo, kutumiwa tena nyumbani, kutupwa katika gari la taka, au kuchomwa. Ukizipanga kwa ubora, mpangilio wangu ni huohuo nilioutaja, na kati ya ya kwanza na zinazofuata pengo ni kubwa.

Waokota makopo ndio urejelezaji wetu. Mfumo mzima wa kukusanya chupa katika miji yetu umebebwa migongoni mwao, na kila kilo inayofika kiwandani imepita kwenye salfeti ya mmoja wao. Kilo moja ni chupa ndogo 50 hadi 83, zikiwa zimeokotwa moja moja kutoka mtaroni, kituoni na chini ya viti vya daladala. Yeye huzipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa mtaa, mnunuzi huzitenganisha kwa rangi, zinagandamizwa kuwa marobota, zinakwenda kusagwa na kuoshwa. Chupa angavu isiyo na rangi hupata bei nzuri kuliko zote, ya samawati hafifu huifuata, na za kijani iliyoiva au kahawia hushuka, kwa kuwa plastiki iliyotiwa rangi haiwezi kurudishwa kuwa angavu. Jambo hilo linaweza kuongoza manunuzi yako pia.

Vizibo navyo vina thamani yake, ila ni plastiki ya aina nyingine. Unaweza kuliona hilo mwenyewe: kata kipande cha chupa kwa mkasi, chukua na kizibo, vitie vyote katika beseni la maji na uvizamishe kwa kidole ili hewa itoke. Kipande cha chupa kitatua chini ya beseni, kizibo kitaibuka na kuelea. Viwandani hutumia tabia hiyohiyo kuvitenganisha vikishasagwa. Anayetaka kumsaidia mokotaji amwage maji yaliyobaki, aisuuze chupa iliyokuwa na juisi, aibonyeze bapa ili salfeti ibebe nyingi, na asiweke humo chupa za mafuta ya kupikia, za dawa ya wadudu wala za maziwa zisizopenyeza mwanga. Lebo asijisumbue nayo.

Ni vizuri kujua kinachofuata huko mbele, ili tusiitegemee njia hii kupita uwezo wake. Chupa chache hurudi kuwa chupa, kwa kuwa plastiki ya chakula hudai usafi wa hali ya juu na mitambo ghali. Nyingi huishia kuwa nyuzi za nguo, pamba ya kujazia mito na magodoro, au mikanda ya kufungia mizigo. Nyuzi zile zikichakaa hakuna anayezikusanya tena. Urejelezaji wa chupa, kwa sehemu kubwa, ni kuipa plastiki maisha ya pili yenye mwisho, na maisha hayo ni bora mara nyingi kuliko mtaro wa Jangwani ambako chupa huziba njia ya Mto Msimbazi mvua za masika zinapokuja.

Kutumia tena nyumbani kuna sura nzuri na sura ya hatari. Sura nzuri ipo hata katika kusafisha maji: chupa angavu ya PET isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, huua vijidudu kwa miale ya jua. Njia hiyo ilijaribiwa miongoni mwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya katika miaka ya 1990 na ikapunguza kuharisha. Miche ya mboga, sabuni ya maji na mbegu za kupanda msimu ujao navyo hukaa vizuri ndani ya chupa. Usitie humo maji ya moto, kwani chupa hunywea na kupinda kabla maji hayajafikia kuchemka, na joto huongeza kemikali zinazotoka kwenye plastiki. Sura ya hatari ni mafuta ya taa. Yakiwa ndani ya chupa ya maji, juu ya dirisha la jikoni, yana rangi ileile ya maji, na mtoto wa miaka miwili mwenye kiu amefundishwa na sisi wenyewe kwamba chupa ile ni ya kunywa. Mafuta hayo yakiingia mapafuni huua. Vivyo hivyo petroli ya bodaboda na dawa ya kuondoa madoa. Kama huna chombo kingine, toa lebo yote, ifunge chupa kwa kitambaa chekundu na uiweke juu ya kabati mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi hafiki.

Wapo pia wanaozishindilia chupa kwa mifuko laini na kuzifanya matofali ya kujengea vibanda na viti. Nayaheshimu makusudio yao, na mahali ambapo hakuna mnunuzi wa plastiki kabisa, kama kisiwani au kijiji cha mbali, naona ni njia inayofaa. Mjini siipendekezi, kwa sababu chupa iliyoshindiliwa taka haiwezi tena kurejelezwa na imemnyima mokotaji kilo yake.

Gari la taka linaipeleka chupa dampo, huko Pugu Kinyamwezi, ambako wapo watu wengine wanaoichambua kwa mikono katikati ya moshi na vioo, nayo ikiwa imekwisha chafuka na kushuka bei. Kuchoma ni vibaya kuliko vyote. Moshi wa lundo la uani haubaki uani. Unaingia kwa jirani mwenye mtoto wa pumu, na lundo hilo halina chupa za maji peke yake, limo na vipande vya mabomba, nyaya na malapa, ambavyo vikiungua pamoja hutoa sumu zinazodumu kwenye udongo na kwenye mayai ya kuku wanaochokora hapo.

Mchango wa sheria, na chupa ya soda

Tanzania iliipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Kenya ikiwa imetangulia tarehe 28 Agosti 2017 na Rwanda tangu mwaka 2008. Ndani ya miezi michache miti ya kandokando ya barabara ilipumua. Chupa za maji hazikuguswa na marufuku hiyo. Kenya ilizizuia tangu tarehe 5 Juni 2020, lakini ni ndani ya hifadhi, fukwe na misitu iliyolindwa tu. Kwa hiyo katika duka la mtaani uamuzi bado ni wa mnunuzi, na ndiyo maana ulinganisho kama huu una kazi.

Hata hivyo, utaratibu unaoweza kuimaliza chupa mtaroni tunao tayari, na kila aliyelelewa katika miji yetu anaujua. Mtoto aliyetumwa soda ya kioo bila chupa tupu mkononi alirudishwa, au aliacha fedha ya rehani, au aliinywa palepale kaunta akisimamiwa. Ndiyo sababu hatukuwahi kuona chupa za soda za kioo zimezagaa ufukweni Kigamboni. Ujerumani iliufanya utaratibu huohuo kuwa sheria kwa chupa za plastiki na makopo mwaka 2003, kwa rehani ambayo leo ni senti 25 za yuro kwa kila kimoja, na huko chupa tupu inayotupwa barabarani huokotwa kabla haijapoa. Hadi rehani ya aina hiyo iwekwe kwenye chupa ya maji hapa kwetu, rehani pekee iliyopo ni ile bei ndogo anayolipwa mokota makopo kwenye mizani.

Kwetu anapita Jumamosi saa moja asubuhi, salfeti begani. Tumekubaliana naye mahali pa kutundika mfuko, nyuma ya geti, ili asilazimike kuchakura pipa. Tangu tuanze kuchemsha, mfuko huo huchukua hadi majuma sita kujaa, naye amekwisha nieleza waziwazi kwamba kwetu hakumpatii kitu. Nilimwelekeza kwenye ukumbi wa shughuli ulio mtaa wa pili, nikazungumza na msimamizi wake, na sasa kila Jumapili asubuhi huko huachiwa salfeti mbili zisizo na mchuzi.